Jakuzi la Mtandaoni, Fundi Yuko Wapi?

Leo nina hili la jakuzi.

Binamu yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano kule Lushoto. Mnaoijua Lushoto mnaijua na baridi yake ya Juni na Julai. Ameona jakuzi la watu wanne kwenye tovuti ya kiwanda cha China, bei imemlewesha, na akiba ya miaka mitatu iko mlangoni inasubiri kuondoka. Hapa nchini kiwanda hicho hakina wakala. Kaniomba ushauri, na kwa kuwa wengi wetu tunaagiza vitu kwa mtindo huohuo, nausema hadharani: kwa hali ilivyo, asinunue.

Tuanze na bei. Ile ya kwenye tovuti ni ya kiwandani. Ongeza nauli ya meli na bima, halafu ushuru wa forodha unapigwa kwenye jumla ya vyote hivyo. VAT inakuja juu ya ushuru. Kuna wa kulipwa kwa kutoa mzigo bandarini, kuna lori la kupandisha kontena la mbao kwenye kona za Mombo mpaka Lushoto. Bado zege la kulikalia, maana lita 1,200 za maji peke yake ni kilo 1,200.

Halafu umeme. Hapa kwetu ni volti 230, hezi 50. Majakuzi mengi yametengenezwa kwa soko la Marekani, ambako ni hezi 60. Usidanganywe kwamba transfoma itamaliza kazi. Transfoma inabadilisha volti, hezi haizigusi. Pampu ya hezi 60 ikipewa 50 inazunguka pungufu kwa moja ya sita na mota inachemka. Na kuyatoa maji hayo nyuzi 18 hadi 38 kunakula uniti kama 28 za LUKU. Kwa hita ya kilowati 3, hiyo ni zaidi ya saa tisa kabla mgeni hajatia mguu.

Lakini hayo yote yanapigiwa hesabu. Kinachonitisha mimi ni siku ya kuharibika. Sili ya pampu ikivuja, hita ikiungua, bodi ya umeme ikigoma, nani anakuja? Dhamana ya kiwanda inaweza kusomeka vizuri sana, ila ikitaka kifaa kirudishwe kwao, nauli ya kukirudisha ni ya nani? Na maji ya vuguvugu yaliyotulia bila kuzunguka wala dawa ni kitalu cha bakteria, akiwemo Legionella anayeleta homa ya mapafu. Mgeni akiugua, jina linaloharibika ni la binamu, kiwanda hakijulikani hata kilipo.

Najua mtasema mawakala wanatupiga bei. Ni kweli, wapo. Lakini sehemu ya kile anachoongeza ndiyo inayoweka vipuri stoo na fundi anayepokea simu. Ukinunua bila wakala, wakala ni wewe. Stoo ni yako, fundi ni wako, hasara ni yako.

Je, asinunue kabisa? Mambo matatu yanaweza kunigeuza. Kwanza, aonyeshwe picha ya kibao cha mashine kinachosema volti 230, hezi 50. Pili, bodi na pampu ziwe za watengenezaji wanaouzia viwanda vingi, kama Balboa wa Marekani au Gecko wa Kanada, ili kipuri kipatikane hata kiwanda chenyewe kikifa. Tatu, anunue sili, hita na machujio ya akiba vije katika mzigo uleule, na apate fundi wa pampu wa Tanga au Arusha aliyeuona mchoro wa umeme kabla pesa haijatumwa.

Muuzaji akipiga chenga kwenye moja tu, hiyo akiba ifunge hita za sola kwenye vyumba vyote vitano. Mafundi wake wapo. Mgeni wa Lushoto mwezi wa Julai anataka maji ya moto asubuhi, kila asubuhi. Mapovu hayadai.

Nawasilisha.