MIAKA YA MWANAMKE NAYO NI MIAKA

Ndugu wafanya kazi wa Kisii na Nyamira,

Twauliza neno moja: ikiwa elimu ni mali na ujuzi ni mali, mbona mali hiyo ikishikwa na mwanamke hushuka bei?

Tazameni Tabaka. Mwanamume achonga jiwe, naye huitwa fundi. Mwanamke alisugua kwa maji na msasa hata ling'ae, na pasipo mkono wake halinunuliwi. Lakini yeye huitwa msaidizi. Akisugua miaka 20, ni msaidizi vile vile. Tazameni chai. Mama achuma, abeba mpaka kituoni, lakini mara nyingi namba ni ya mume na bonasi hutoka kwa jina lake.

Na aliyesoma je? Tuseme kijana na binti wana cheti kimoja, wakaandikwa ofisi moja. Mwaka wa tatu binti ajifungua. Akirudi, aambiwa aanze upya kama kibarua. Kijana apandishwa cheo. Kisha tajiri asema, "Huyu mama hana uzoefu." Uzoefu wake ameufuta nani?

Hatuombi sadaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yaamuru ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kifungu cha 29 chatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi.

Wako wanaume wanaonong'ona kwamba mwanamke akiongezwa, wao watapunguziwa. Ndugu, msidanganyike! Tajiri akizoea mkono wa bei rahisi, kesho atakuambia nawe upokee bei hiyo au uende zako. Na mshahara unaopunjwa mkeo ni karo ya watoto wako.

Basi kila mwanachama atunze barua ya kuandikwa kazi na hati zake za mshahara, azilete kwa katibu wa tawi. Na katika kila mapatano na matajiri twadai iandikwe wazi: mwezi wa uzazi ni mwezi wa kazi, na miaka ya mwanamke nayo ni miaka.

Umoja ni nguvu!