Baba anataka bastola: risasi ya namba gani, na italala wapi?

Wiki hii tunaanza na ujumbe wa mama mmoja wa Mtera. Anaandika hivi:

"Mume wangu ananunua perege na kambale kwa wavuvi hapa bwawani na kuwapeleka Dodoma mjini. Hurudi usiku akiwa na fedha za watu mkononi. Tangu mwenzake aporwe njiani, anasema lazima apate bastola ndogo ya kubeba chini ya shati. Sasa kila jioni wanabishana: huyu anataka ya milimita 9, yule anasema 45 ndiyo ya wanaume, mwingine anasema 32 inatosha. Mimi nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne, na nyumba yetu ni ya vyumba viwili. Hakuna anayeniuliza mimi. Nimwambie nini?"

Mama, pole kwa hofu hiyo, maana unaogopa njia na unaogopa nyumba. Nitaanza na swali la baba, kwa sababu asipojibiwa lake hatakusikiliza kwenye lako.

Namba wanazobishania ni kaliba, yaani unene wa kichwa cha risasi. Ile ya 32 na ile ya 45 zinahesabiwa kwa sehemu za mia za inchi. Ya 32 huitwa pia milimita 7.65, na ya 45 ni zaidi kidogo ya milimita 11. Kichwa cha 32 kina uzito wa karibu gramu 4.6. Cha milimita 9 ya kawaida kina gramu 7.5 hivi na hutoka kwa kasi kubwa kuliko zote tatu. Cha 45 hufika karibu gramu 15, lakini huenda polepole zaidi.

Kuna jambo wengi hawalijui, nalo ni la hatari. Risasi za milimita 9 si za aina moja. Ile inayotumiwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi ganda lake lina urefu wa milimita 19, na kwenye boksi huandikwa 9x19, Luger au Parabellum. Hiyo yote ni risasi moja. Ipo nyingine yenye ganda fupi la milimita 17, inayoitwa 380 au 9 Short. Ipo na ya Kirusi, Makarov, yenye ganda la milimita 18. Haziazimani. Kabla ya kununua boksi, maandishi yake yafanane na yale yaliyochorwa kwenye bastola yenyewe.

Sasa ipi ni bora? Wale wa 45 wanaamini risasi nene humaliza ugomvi. Marekani walilipitia hilo kwa machungu. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, makachero wawili wa FBI waliuawa katika mapambano na majambazi wawili. Risasi ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kufyatua. FBI wakahamia risasi kubwa zaidi, kwanza ya milimita 10, kisha ya 40. Miaka ikapita, risasi za milimita 9 zikaboreshwa, na ikaonekana kwamba askari wengi wanalenga vizuri zaidi wakiwa na 9 kuliko na zile zinazorusha mkono. Kufikia mwaka 2016 FBI walikuwa wamerudi kwenye milimita 9.

Somo lake kwa mfanyabiashara wa samaki ni hili: risasi inayokwenda pembeni haina msaada wowote, iwe nene kama kidole. Na bastola ndogo ya kuficha ina tatizo lake. Kwa kuwa ni nyepesi, risasi ileile huirusha kwa nguvu zaidi kuliko bastola nzito. Mtu anayefyatua risasi tano kwa mwaka akipewa 45 ndogo atafumba macho kabla ya kubonyeza.

Kwa hiyo, baba akiwa na afya njema na yuko tayari kufanya mazoezi, milimita 9 ya kawaida, 9x19, ndilo chaguo la busara. Kama mkono wake una maumivu au umeumia zamani, 380 ni laini zaidi, ingawa nguvu yake ni pungufu. Ya 32 ni laini, lakini udhaifu wake unajulikana. Ya 45 kwenye bastola ya kuficha namwachia mzoefu. Na kabla ya kuamua aulize kwenye duka lenye leseni ni risasi zipi hupatikana mwaka mzima. Bastola isiyo na risasi za mazoezi ni chuma tu.

Asisahau pia kwamba bastola hainunuliwi kama simu. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, watu wanaokujua, kisha hupanda hadi polisi. Mwombaji anatakiwa awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anaijua silaha. Anayekwambia "nitakupatia ya haraka" anakuuzia kesi, na huenda bastola hiyo imeshaua mtu.

Nayo Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda, lakini nguvu inayotumika iwe ya kiasi kinachostahili hatari yenyewe. Kumpiga risasi mwizi anayekimbia na ndoo ya perege ni jambo utakaloulizwa mahakamani.

Sasa nije kwako, mama. Swali lako ndilo litakaloamua kama bastola hiyo itailinda familia au itaiumiza. Hakuna kaliba salama kwa mtoto wa miaka minne. Hata ile ndogo kabisa ya 22 inaua. Na zote hizo hupenya bati, mlango wa mbao na ukuta wa mabanzi, zikaendelea chumba cha pili au kwa jirani. Mwambie baba asimame mlangoni usiku, aangalie watoto wanalala upande gani, ajiulize risasi itakwenda wapi akikosa.

Halafu muulize: italala wapi? Chini ya mto, hapana. Juu ya kabati, hapana. Mtoto anayefikia sukari ataifikia na bastola. Ndani ya begi la fedha, hapana kabisa. Inatakiwa sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, na ufunguo au namba ijulikane na mwenye leseni peke yake. Bei ya sefu ihesabiwe pamoja na bei ya bastola. Kama fedha za sefu hazipo, basi fedha za bastola nazo bado hazijapatikana.

Na siku akiwa amekunywa, isitoke kwenye sefu. Siku mkiwa na ugomvi, vilevile. Hilo lisemwe mapema, mkiwa na amani, hata mbele ya mzee mnayemheshimu wote wawili. Kama ndani ya nyumba yenu kumewahi kuwa na kipigo au vitisho, mama, una haki ya kulisema hilo kwa viongozi wa kijiji kabla ombi halijapita. Si kumsaliti mumeo.

Mwisho, turudi kwenye njia. Jambazi anafuata fedha taslimu. Wateja wa Dodoma wakilipa kwa simu, na wavuvi wakalipwa kwa simu palepale mwaloni, baba atarudi Mtera na makreti matupu na namba ya siri kichwani. Makato yapo, ndiyo, lakini yalinganishwe na bei ya bastola, sefu, risasi na usingizi wako. Abadilishe saa za kurudi, asafiri na wenzake, asitangaze mauzo kwenye vijiwe. Hayo anaweza kuyaanza kesho asubuhi bila kibali cha mtu.

Akiyafanya yote na bado akaona anahitaji bastola, basi afuate sheria, achukue 9x19, afundishwe, anunue sefu kwanza. Na safari hii, mama, ukae kwenye mazungumzo hayo tangu mwanzo. Nyumba ni yenu wote wawili.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.