Mwimbaji wa Kolwezi, programu yako ianzie nyumbani

Kijana aliyekulia katika kwaya ya parokia hapa Kolwezi, siku yake ya kuimba peke yake jioni nzima ikifika, mara nyingi hukosea kabla hajafungua mdomo. Kosa liko kwenye karatasi ya programu. Anaorodhesha nyimbo za Kiitaliano na Kijerumani alizofundishwa, kisha mwishoni kabisa anaweka wimbo mmoja wa Kiswahili ili watu wapige makofi. Kwa maoni yangu, mpango huo unawapunja wasikilizaji, na yeye mwenyewe haumtambulishi.

Sisemi nyimbo za Ulaya zitupwe. Mwaka 1827 Schubert alitunga Winterreise, nyimbo 24 za sauti moja na piano. Zote zinamfuata mtu mmoja anayeuacha mji wa mpenzi wake na kutembea kwenye baridi kali. Funzo lake ni kwamba nyimbo za jioni moja zinapaswa kushikana.

Na nani katika Lualaba asiyejua habari za safari? Union Minière ilileta wafanyakazi Katanga kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kwenye kambi walikutana na wenyeji, na Kiswahili kikawa lugha ya kusikilizana. Safari, kazi, ndoa, kilio: hiyo tayari ni programu ya sehemu nne.

Nyimbo za kuijaza zipo. Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwaka 1969 alipiga gitaa na kuimba kwenye tamasha la Newport, Marekani. Atakayesema nyimbo za kambini si za ukumbi wa heshima amechelewa. Tena zinahitaji gitaa tu, na gitaa ni rahisi kulipata kuliko piano iliyo sawa.

Lakini si kila wimbo wetu unafaa kwa mtu mmoja. Missa Luba, iliyotoka Kamina na kurekodiwa mwaka 1958, ina sauti ya mtu mmoja inayojibiwa na kwaya. Ukiondoa kwaya, umeondoa nusu ya mazungumzo. Nyimbo za mukanda na za kilio nazo zina wenyewe. Nenda kwa wazee, omba ruhusa, rekodi kwa simu, andika jina la aliyekufundisha na kijiji chake. Ukikatazwa, uache. Na wimbo wenye mtunzi anayejulikana, ulizia haki zake SOCODA.

Kisha fikiria koo lako. Dakika 60 za kuimba zinatosha, pamoja na mapumziko katikati. Anza na nyimbo mbili zisizopanda juu sana, sauti ipate moto. Wimbo mgumu kuliko yote uweke kabla ya mapumziko, si mwishoni umechoka. Usipange nyimbo tatu za mwendo mmoja zikifuatana. Kama wimbo uko juu mno, ushushe. Hakuna atakayekudai sauti ya mwingine. Weka akiba ya wimbo mmoja, watu wakiomba tena.

Kila wimbo wa lugha ya kigeni uandikiwe maana yake kwa Kiswahili, mistari miwili tu. Fanya hivyo hata kwa wimbo wa Kilunda au Kisanga, maana jirani yako wa Manika huenda hakisikii. Na umeme ukikatika? Chagua mapema nyimbo unazoweza kuimba bila kipaza sauti, na jenereta iwekwe mbali na ukumbi.

Haya yana uzito kuliko makofi ya usiku mmoja. Wazee waliokuja migodini wakiwa vijana wanaondoka mmoja mmoja, na nyimbo walizoimba wakitoka kazini hazikuandikwa popote. Shaba na kobalti zetu zinahesabiwa kila siku na watu wa mbali. Nyimbo hizi hakuna atakayezihesabu kwa niaba yetu. Kijana mwenye sauti, anayejua kusoma noti na mwenye bibi anayekumbuka, ana kazi ambayo mwimbaji wa Paris hawezi kuifanya. Aipe sehemu ya katikati ya programu yake, si mkia.