Sayansi Imo Katika Mzigo wa Mama

Wanafunzi wengi huamini kwamba sayansi ni mali ya maabara na ya nchi za ng'ambo. Imani hiyo ni potofu, nami naipinga kwa ushahidi usio mbali na hapa Kiuu, ambako akina mama hupita kila siku na mizigo ya soko la Githurai.

Mnamo 1986, jarida la Nature la Uingereza lilichapisha utafiti wa Maloiy, Heglund, Taylor na wenzao kuhusu wanawake wa Kenya. Waliopimwa walikuwa Waluo, wabebao mzigo utosini, na Wakikuyu, waubebao mgongoni kwa mukwa, yaani ukanda upitao kwenye paji la uso. Majaribio ya awali juu ya farasi, mbwa, panya na binadamu waliokuwa wakikimbia yalikuwa yameonyesha kwamba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili huongeza matumizi ya nishati kwa asilimia 20. Ajabu ni kwamba akina mama hao walibeba kiasi hicho pasipo nyongeza yoyote. Mzigo ulipofika asilimia 30, nyongeza ilikuwa asilimia 10. Ulipofika 40, ikawa 20.

Siri yake ilielezwa mwaka 1995 na Heglund na wenzake. Mwili wa mtu atembeaye huinuka na kushuka kila hatua, mfano wa pendulo iliyopinduliwa. Nishati ya mwendo hugeuka kuwa ya kimo, kisha hurudi kuwa ya mwendo. Sehemu yake hupotea, na misuli ndiyo inayolipa deni. Akina mama wale, walipobeba mzigo, walipoteza sehemu ndogo kuliko walipotembea mikono mitupu.

Hata hivyo, sayansi haina neno la mwisho. Utafiti wa Lloyd na wenzake uliochapishwa 2010, juu ya wanawake wa Afrika Kusini, haukuona nafuu hiyo kwa wote. Tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa. Mwalimu asilifiche jambo hili. Mwanafunzi na ajue kwamba wataalamu hupima, hubishana, kisha hupima tena.

Yupo atakayesema: kumbe mzigo hauwachoshi, waacheni wabebe! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtungi wa maji wa lita 20 ni theluthi ya uzito wa mama wa kilo 60. Kwa hesabu ya 1986, tayari analipa asilimia 13 zaidi. Isitoshe, watafiti wale wale waliandika kwamba mara nyingi mukwa huacha mfuo wa kudumu katika fuvu la kichwa. Nishati iliyookolewa haiponyi shingo, wala hairudishi saa ambazo msichana angesoma. Ustadi wa mama ni jambo la kuheshimiwa. Kumnyima mfereji wa maji karibu na nyumba kwa sababu ya ustadi huo ni dhuluma.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Ruiru na Thika: mnapofundisha nishati, anzeni na mtungi huo. Wanafunzi wakokotoe asilimia zake, kisha wajiulize ni nani aubebaye, na kwa nini.