Mfupa Kuunga si Kupona

Watu wengi wa mwambao wetu huu wa Rumonge hudhani ya kuwa aliyevunjika mkono amepona siku ile plasta inapokatwa. Jamaa hufurahi, majirani huja kumpongeza, na mambo huishia hapo. Mimi naona sivyo. Mfupa kuunga ni jambo moja, na mkono kurudi kazini ni jambo jingine. Baina ya hayo mawili iko kazi kubwa ambayo mara nyingi huachwa bila kufanywa.

Tazameni kazi za kwetu. Mvuvi hukesha ziwani na taa zake, akainua wavu wa ndagala pamoja na wenzake mara nyingi kabla ya alfajiri. Mkata chikichi hupanda mti mrefu na kuangusha mikungu mizito, ili watu wapate mawese. Mikono ya watu hawa ndiyo shamba lao. Mmoja wao akivunjika karibu na kiwiko, akafungwa plasta majuma kadhaa, misuli hunywea na kiungo hukakamaa. Namjua mvuvi mmoja aliyetolewa plasta akaambiwa aende nyumbani, basi. Hakuonyeshwa hata zoezi moja. Mkono wake haukunyooka tena. Leo huanika ndagala za watu kwa ujira mdogo, na mtumbwi wake huvuliwa na wengine. Mfupa ni mzima, lakini mwenye mfupa hana kazi.

Dawa ya jambo hili ni tiba ya viungo, ambayo huku kwetu huitwa kinesiterapi kwa kufuata Kifaransa. Si uganga wa siri. Mtaalamu hupima kwanza kiungo kinafika wapi, kisha humpa mgonjwa mazoezi ya kiasi chake. Hata plasta ingali mkononi, vidole visivyofungwa yafaa vichezeshwe kila siku, na bega pia, daktari akiruhusu. Plasta ikiisha kutoka, mgonjwa hukunja na kunyosha kiwiko taratibu kwa nguvu zake mwenyewe, mara kadhaa kwa siku. Mwenye bega lililokakamaa huinama, akauacha mkono uning'inie, akaupembeza polepole. Baadaye huupandisha ukutani kwa vidole, akijitahidi kupita alama ya jana. Wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa hatuhitaji kufasiriwa methali hiyo.

Wapo watakaosema, "Tunaye mkandaji, yatosha." Simdharau mkandaji, maana mkono wake hupoza misuli iliyochoka. Lakini kiwiko kilichotoka kuvunjika kisikandwe wala kuvutwa kwa nguvu. Kukilazimisha kwaweza kusababisha mfupa uote ndani ya misuli, nacho kikazidi kufungika.

Wengine watasema, "Mwenye maumivu na alale." Katika maumivu ya kiuno, ambayo wavuta nyavu na wapagazi huyajua sana, shauri hilo likifuatwa siku nyingi hudhuru. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu hayo. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Lilishauri mazoezi, na mgonjwa kufundishwa jinsi ya kujitunza. Hata kukandwa halikukataa. Lakini mikanda ya kiuno, ambayo wengi hutoa fedha kuinunua, halikuishauri. Mgonjwa na atembee na kufanya kazi nyepesi, akiongeza kidogo kidogo. Ila mtu ambaye miguu yake inalegea, au anayeshindwa kuuzuia mkojo, huyo asingoje. Apelekwe hospitali mara moja.

Neno la tatu ni la nauli, nalo ni zito. Kituo cha taifa cha kinesiterapi kiko Bujumbura, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Rumonge, na mtu asiyevua hana nauli ya kwenda na kurudi kila juma. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: popote plasta inapofungwa, mgonjwa asiondoke kabla ya kufundishwa mazoezi yake, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani atakayemkumbusha. Hayo hayahitaji mashine wala umeme. Yahitaji robo saa na mtu anayejua.

Na mtu anayejua atatoka wapi? Hapa nawageukia ninyi, ndugu zangu wanafunzi. Kila mmoja wetu anayeshinda katika somo la elimu ya viumbe hutaka kuwa daktari, wala si vibaya. Lakini ni wangapi wamewahi kusema watakuwa wataalamu wa viungo? Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Tanzania, kazi hii hufundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, nao wanaojifunza hawajioni kuwa madaktari walioshindwa. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio wauguzi, walimu na viongozi wa vyama vya wavuvi, fundisheni hayo machache huko mliko. Daktari akiisha kuunga mfupa, na apatikane mtu wa kumrudisha mvuvi ziwani.