Ujasiri wa Mali Huanza kwenye Daftari

Mwanafunzi wa leo hulisikia neno ujasiriamali kabla hajamaliza shule ya msingi. Akifika chuo kikuu amekwisha kulisikia kwenye mahafali, semina, redio na hotuba za viongozi, mara nyingi kiasi kwamba haoni tena haja ya kuuliza maana yake. Ni vema aulize. Neno hili limeungwa kwa maneno mawili, jasiri na mali, na sikio la kijana hushika zaidi lile la kwanza: thubutu, usiogope, anza na ulicho nacho. Huondoka ukumbini akiamini kwamba mjasiriamali ni mtu asiyeogopa hasara. Katika makala haya nadai kwamba ushujaa wa namna hiyo, ukiwa peke yake, humpoteza kijana na kupoteza mali ya wazazi wake. Kinachomtenga mjasiriamali na mtu aliyejaribu bahati yake ni kukubali kutoa hesabu: ajihesabie mwenyewe kila jioni, kisha awatolee hesabu wale waliomwamini na mali yao.

Tuanze na waliolifikiri jambo hili zamani. Richard Cantillon, mfanyabiashara mwenye asili ya Ireland aliyeishi Ufaransa, aliandika kitabu kuhusu biashara kilichochapwa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake. Humo aligawa watu mafungu mawili: wanaoishi kwa ujira unaojulikana, na wanaonunua kwa bei inayojulikana ili wauze kwa bei ambayo bado hawaijui. Hao wa pili ndio wajasiriamali wake. Kwa kipimo hicho, kijana anayetembeza soksi Kariakoo ni mjasiriamali sawasawa na mwenye meli, kwa sababu wote wawili wamelipia leo kitu ambacho bei yake ya kesho haijulikani. Mwaka 1911 Joseph Schumpeter wa Austria aliweka sharti gumu zaidi: kwake mjasiriamali ni yule anayeunganisha vitu kwa namna mpya, kama bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha au soko jipya. Mimi naona Cantillon ametupa mlango na Schumpeter ametuonyesha chumba cha ndani. Lakini wote wawili wanatuachia swali moja ambalo mwanafunzi wetu hana budi kulijibu: huyo aliyelipia kesho asiyoijua, anabeba hatari hiyo akiwa amefumba macho au ameyafumbua?

Sisi tumezoea kumpima mjasiriamali kwa ukubwa wake. Desemba 2018 Serikali ya Tanzania ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, maana mchuuzi alikuwa akikamuliwa ushuru wa kila siku na kila mwenye kitabu cha risiti. Ila liangalie sharti lenyewe. Milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Mchuuzi asiyeandika chochote atajuaje kama yuko chini ya kiwango hicho au amekivuka? Hata kujua udogo wake kunahitaji daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye kutaka kuona jinsi inavyopotea achukue mfano huu wa kawaida kabisa. Kijana ananunua mashati 20 ya mtumba kwa shilingi 3,000 kila moja. Ametoa 60,000. Kwa siku tatu anauza 15 kwa shilingi 5,000 na kuhesabu mapato ya 75,000. Moyoni anasema faida ni 15,000, na jioni hiyo anajinunulia chipsi kuku kwa furaha ya kazi nzuri. Lakini nauli ya siku tatu ilikuwa 3,600, na kufua na kupiga pasi 2,400. Sasa imebaki 9,000, yaani 3,000 kwa siku. Mashati matano yaliyobaki ni yale ambayo wateja wote wameyapindua wakayaacha, na mawili kati ya yale 15 aliyoyahesabu kuwa yameuzwa yamechukuliwa na rafiki atakayelipa mwisho wa mwezi. Huyu kijana hana kosa la uvivu wala la woga. Amekwenda sokoni alfajiri na kurudi usiku. Kosa lake ni kwamba hajui kilichotokea. Akirudia safari hiyo mara kumi, mtaji utakwisha, naye atasema mtaa una husuda au biashara ina mikosi. Laiti angeandika mistari minne tu kila siku, angegundua kwamba mashati ya ukubwa fulani hayatoki, na safari inayofuata angechagua kwa akili zaidi.

Ujasiri usio na hesabu hauishii kwa mtu mmoja. Mwaka 2013 na 2014 wafugaji wengi wa Kenya waliingia katika ufugaji wa kware kwa kishindo, na uvumi wake ukavuka mpaka. Yai la kware lilisifiwa kuwa dawa ya maradhi mengi, bei ikapanda, watu wakaweka akiba zao kwenye vizimba na mashine za kutotolea. Kwa muda biashara ilionekana kuwaka, kwa sababu kila mfugaji mpya alinunua mayai na vifaranga kutoka kwa aliyemtangulia. Swali ambalo wachache walijiuliza lilikuwa rahisi: nani atakula mayai haya kila asubuhi, wafugaji wapya wakiisha? Bei ilianguka vibaya na ndege wakabaki mikononi mwa watu. Siwezi kusema watu wale walikosa uthubutu. Walithubutu mno, wakaiga bila kuhesabu walaji.

Sasa tuwatazame waliofanikiwa, tuone walianzia wapi. Reginald Mengi, ambaye viwanda na vyombo vyake vya habari vinajulikana Tanzania nzima, alikuwa mhasibu kwa taaluma, na aliajiriwa katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu kabla ya kuanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake katika miaka ya 1980. Nchini Kenya, Equity ilianzishwa mwaka 1984 ikiwa taasisi ya akiba na mikopo ya nyumba. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa imefilisika kwa vipimo vya Benki Kuu, na zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. Mwaka huohuo aliingia James Mwangi, naye ni mhasibu. Yeye na wenzake wakaikabili mikopo ile mibovu jinsi ilivyo bila kuificha, wakawageukia wenye akiba ndogo ambao mabenki makubwa hayakuwataka, na mwaka 2004 taasisi ile ikawa benki kamili. Usiniambie ni bahati tu kwamba hawa wawili walijua kusoma vitabu vya hesabu. Mtu anayeweza kuitazama hasara ikiwa imeandikwa kwa tarakimu, asigeuze uso, huyo ndiye ninayemwita jasiri.

Daftari lina kazi nyingine ambayo wanafunzi hawaambiwi. Linaweza kumweleza mtu kwamba biashara anayodhani anaifanya siyo anayoifanya. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakiisimamia walipofuatilia jinsi watu wanavyoitumia, waliona wateja wanatumiana fedha wao kwa wao, kwa mahitaji ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na mkopo. Wangeweza kuwalaumu wateja kwa kuitumia vibaya. Badala yake waliubadilisha mpango, na Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikaizindua kuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Wazo la awali lilikuwa zuri, lakini kumbukumbu za matumizi zilikuwa na akili zaidi. Na tukumbuke kwamba waliolitunga na kulisimamia walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Nitalirudia jambo hilo.

Upande wa pili wa hesabu ni uaminifu, na hapa lugha yetu imetutangulia. Neno ujasiriamali lina umri mdogo, lakini wafanyabiashara wetu wana neno la siku nyingi, mali kauli. Mwenye duka humpa mchuuzi mzigo asubuhi bila kupokea hata senti, na jioni mchuuzi huleta fedha pamoja na vilivyobaki. Dhamana yote ni kauli. Mchuuzi asiye na nyumba ya kuweka rehani huweka rehani neno lake, na neno hilo likitimizwa kwa wiki kadhaa mzigo huongezwa. Wasomi wetu huita hali hii ukosefu wa mtaji. Naona inafaa kuitwa mtaji wa aina nyingine, ambao hupatikana polepole na kupotea kwa jioni moja.

Wako watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema: haya yote ni maneno, kijana anahitaji fedha, na daftari tupu halinunui cherehani. Ni kweli, cherehani hainunuliwi kwa maandishi. Lakini tuitazame njia ambayo fedha imepita tayari. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wake ili kupanga utaratibu upya, baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mikopo mingi ambayo haikurejeshwa. Fedha ilikuwapo, kilichokosekana ni hesabu, kwa watoaji na kwa wapokeaji. Linganisha na kikundi cha akina mama wanaoweka hisa kila wiki, wenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na hesabu inayosomwa kwa sauti mbele ya wote. Mtaji wao huanza na fedha ndogo sana, lakini unakua.

Wa pili ana uchungu zaidi, nami namwelewa. Atasema kwamba wimbo wa ujasiriamali ni njia ya kumtupia kijana mzigo wa ajira ambazo taifa limeshindwa kuzitengeneza. Kumwambia mhitimu ajiajiri bila stadi, bila soko na bila barabara ni kumwonea, na asiyepata kazi asihukumiwe kuwa mvivu. Wala si kila mtu awe mjasiriamali. Nchi inahitaji wauguzi, walimu na mafundi umeme wanaolipwa vizuri. Ninachokataa ni ule ukuta uliojengwa kati ya kuajiriwa na kujiajiri, kana kwamba kijana akichagua upande mmoja amelaani wa pili. Mengi aliajiriwa kwanza. Mwangi aliingia Equity akiwa mwajiriwa. Wale wa M-Pesa hawakuacha kazi zao ili wawe wabunifu. Kuajiriwa miaka mitatu katika duka la vipuri, ukijifunza bei, wateja na wizi unapotokea, ni shule ambayo semina ya siku mbili haiwezi kuifikia.

Wa tatu atakumbusha Azimio la Arusha la 1967 na onyo lake juu ya unyonyaji, aulize kama kutafuta faida hakumgeuzi kijana kuwa mchoyo. Jibu lipo Mwanza. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukumani walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Harakati iliyoongozwa na Paul Bomani ilishika jambo hilo la mizani, ikaweka wapimaji wa wakulima wenyewe wasimamie uzito wa pamba, kisha vikajengwa vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Victoria, na baadaye wakulima wakamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Sifahamu mfano wa ujasiriamali katika historia yetu unaonigusa kuliko huo. Walithubutu, wakabeba hatari, wakaunganisha vitu kwa namna mpya, na pamba yao ikapimwa kwa haki. Unyonyaji hustawi pale ambapo mmoja anajua uzito na mwenzake hajui.

Kwa hiyo naomba mambo machache yanayowezekana muhula huu. Mwalimu wa somo la biashara amtume kila mwanafunzi kwenye genge au kibanda kimoja karibu na shule, aombe ruhusa ya mwenyewe kwa heshima, na kwa siku 30 amwandikie kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na nani anadaiwa. Mwisho wa mwezi amsomee mwenye genge aliyoyaona, maana hesabu ni yake. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kiwanja ili ampe mwanawe mtaji asitoe fedha hizo kabla ya kuona kurasa hizo 30. Nawe mwanafunzi unayejiuliza kama wewe ni mjasiriamali, nenda stationari ununue kaunta buku moja, chora mistari yake leo usiku, na uanze na fedha iliyopita mikononi mwako wiki hii.