Bunia: Kadi ya benki ya mfanyakazi si hukumu ya mahakama

Mwisho wa mwezi, katika miji mingi ya Congo, Bunia ikiwemo, kuna wafanyakazi wasiojitolea mshahara wao wenyewe. Kadi ya benki na namba ya siri viko mikononi mwa mkopeshaji. Yeye ndiye anayetoa pesa, anakata chake pamoja na faida, kisha anamrudishia mwenye kazi kinachobaki. Watu wanaita biashara hiyo "Banque Lambert", na wengi wamekwisha izoea.

Wanaoitetea wanasema deni ni deni, na aliyekopa alitoa kadi kwa mapenzi yake. Ni kweli kwamba deni linapashwa kulipwa. Lakini sheria haimruhusu mkopeshaji kuwa hakimu na mlipishaji kwa wakati mmoja.

DRC iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria ya OHADA juu ya kulipisha madeni, iliyopitishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2023, inakubali mshahara wa mdaiwa ushikwe, ila kwa masharti. Mdai anapashwa kuwa na hati yenye nguvu ya kutekelezwa, kama vile hukumu, inayoonyesha kiasi cha deni na kwamba muda wa kulipa umefika. Tena, kabla ya kushika hata franga moja, pande mbili zinaitwa mbele ya mahakama ya pale mdaiwa anapoishi ili kujaribu kupatana. Na mfanyakazi anayetaka kuachia sehemu ya mshahara wake kwa hiari anakwenda mwenyewe kutangaza hivyo kwa karani wa mahakama. Karatasi iliyosainiwa dukani haitoshi.

Kuna pia mpaka wa kiasi. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, katika kifungu cha 114, inaruhusu kushikwa sehemu moja kwa tano ya mshahara usiozidi mara tano mshahara wa chini wa daraja la mfanyakazi, na sehemu moja kwa tatu ya kile kinachozidi. Kwa deni la matunzo ya familia, ni sehemu mbili kwa tano. Kwa mfano, anayepata franga 300.000 chini ya mpaka huo, mdai wa kawaida hawezi kupata zaidi ya 60.000 kwa mwezi. Zinazobaki 240.000 ni za chakula, nyumba, dawa na ndugu waliokimbia vita na kupokelewa nyumbani. Anayechukua nusu ya mshahara, au wote, anakula sehemu ambayo sheria imewekea watoto.

Kwa hiyo mfanyakazi anayeona mshahara umekatwa asinyamaze. Aombe muajiri, kwa maandishi, nakala ya hati iliyoruhusu kukata. Aende kwenye kikao cha mapatano na vikaratasi vya malipo, maana pale ndipo anaweza kupinga hesabu au faida iliyopita kipimo. Kama ni muajiri aliyekata bila haki, mlango wa kwanza ni inspekta wa kazi. Waajiriwa wa serkali wana sheria yao ya kazi, lakini nao wana haki ya kuuliza: hukumu iko wapi?

Wakopeshaji wanajibu kwamba mahakama zinakawia. Malalamiko hayo yana msingi, lakini dawa yake ni kuomba mahakama zitumike vizuri zaidi. Tangu mwezi wa tano 2021, Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi. Deni la mkataba si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi ilikubali mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa. Kumtisha mdaiwa kwa askari ni kuvunja sheria.

Sendika za walimu na za wauguzi, pamoja na ONG zinazoajiri watu Bunia, wangeanza na jambo dogo: kubandika kifungu cha 114 ukutani, katika lugha ambayo wafanyakazi wanasoma, na kuwasindikiza wale wanaotaka kurudishiwa kadi zao.